Galoni ya Usuluhishi

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi na ilionekana haina madhara: nusu busheli ya chokaa hai, peki moja ya chumvi, ratili tatu za mchele uliosagwa na kupikwa ukawa uji mwepesi, nusu ratili ya chaki, ratili moja ya gundi safi, na juu ya yote hayo galoni tano za maji ya moto. Mjomba wangu aliipata katika nakala ya kitabu kikuukuu cha maarifa ya nyumbani kilichochapishwa Marekani, nchi ambayo kanuni hiyo ilienea sana katika karne ya 19 kwa sifa kwamba ndiyo iliyong'arisha Ikulu yao. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na hajawahi kuona sababu ya kununua rangi ya kopo ikiwa kuna kitu kinachoweza kukokotolewa. Akaamua kwamba ukuta wa mbele wa nyumba yake utapakwa chokaa ya rais, na mimi nikaitwa niwe karani.

Jedwali la vipimo tulilokuwa nalo lilitoka nyuma ya daftari lake la zamani, nalo lilifuata vipimo vya Uingereza: gili nne ni painti moja, painti mbili ni kwarti moja, kwarti nne ni galoni moja, galoni mbili ni peki moja, na peki nne ni busheli moja. Mjomba aliupenda mfumo huo papo hapo kwa sababu unapanda kwa mbili na nne kama unavyopanda wetu, ambao vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi. Kwa muda alitaka tupime kila kitu kwa pishi, ila nilimkumbusha kwa adabu kwamba pishi hujulikana zaidi kwa uzito wa nafaka inayoijaza, yaani kama ratili sita hivi, na kwamba chokaa si nafaka. Akakubali, kisha akazua swali ambalo lilitumaliza asubuhi nzima: je, nusu busheli ya kitabu ilikuwa ya mfuto au ya tele?

Aliyewahi kupimiwa kwa kibaba anajua kwamba hilo si swali la mzaha. Kibaba cha mfuto husawazishwa mdomoni kwa kijiti, na kibaba cha tele huachwa na kichuguu juu yake, na ugomvi wote wa muuzaji na mnunuzi tangu zamani umekuwa juu ya nani ale hicho kichuguu. Waingereza nao walikuwa na kipimo cha kichuguu mpaka bunge lao lilipokiharamisha katika miaka ya 1830. Mjomba alipiga kura peke yake, mfuto ukashinda, na rula yake ya darasani ikateuliwa kuwa kijiti.

Hapo ndipo alipoamua kwamba tutapima kwa gili. Hoja yake ilikuwa kwamba kipimo kikiwa kidogo na kosa huwa dogo, hoja ambayo darasani ingepata alama zote, ingawa darasani hakuna anayeibeba chokaa yenyewe. Nusu busheli ni galoni nne, galoni moja ni gili 32, kwa hiyo tulihitaji gili 128 za chokaa, na kwa peki moja ya chumvi gili nyingine 64. Alichukua kikombe cha plastiki chenye alama za mililita, akatia ncha ya msumari pale penye 142, ambayo ndiyo gili ya Uingereza, na alikuwa ameinua mkono akitaka kuchota nilipofanya kosa la karani yeyote anayesoma jalada la kitabu.

"Mjomba," nikasema, "kitabu ni cha Marekani, lakini jedwali ni la Uingereza."

Aliteremsha kikombe taratibu. Ilibidi nieleze kwamba mwaka 1824 Waingereza walizifuta galoni zao mbalimbali za zamani na kuweka moja tu, iliyopewa ukubwa wa ratili 10 za maji, ambayo leo tunaihesabu kuwa lita 4.546. Wamarekani, ambao wakati huo walikuwa wamekwisha kujitenga, hawakuona sababu ya kuwafuata, wakabaki na galoni ya mvinyo ya enzi za Malkia Anne, yenye inchi za ujazo 231, yaani lita 3.785. Painti ya Uingereza ina wakia 20 za ujazo na ya Marekani ina 16, na kana kwamba hilo halitoshi kumchanganya mtu, wakia moja ya Marekani ni kubwa kidogo kuliko wakia moja ya Uingereza. Gili ya Marekani, nikamalizia, ni kama mililita 118.

Mjomba alikaa kimya kwa muda wa mtu anayesikiliza kesi. Alikuwa mzee wa baraza kwa miaka mingi, na mzee wa baraza hata siku moja hampi mtu mmoja haki yote. Hatimaye akajumlisha 118 na 142, akagawa kwa mbili, akapata 130, akachora alama mpya kwa msumari na kutangaza kwamba hiyo ndiyo gili ya usuluhishi, na kwamba gili 32 za aina hiyo zitakuwa galoni ya usuluhishi, ya lita 4.16, ambayo kwa kadiri ninavyojua haijawahi kupitishwa na bunge lolote duniani.

Niliweka hesabu pembeni ya karatasi na kugundua jambo lililonifanya nicheke, jambo ambalo kwa mpwa ni kosa. Kwa galoni ya usuluhishi nusu busheli ilitoka lita 16.6. Nusu busheli ya Uingereza ni lita 18.2, na ya Marekani ni lita 17.6. Mjomba alikuwa amechukua wastani wa vipimo viwili akapata kitu kilicho kidogo kuliko vyote viwili. Sababu ni kwamba Wamarekani hawapimi vitu vikavu kwa galoni ile ya mvinyo. Wana busheli yao ya Winchester, ya inchi za ujazo 2,150.42, na ukiigawa kwa nane unapata galoni kavu ya lita 4.4. Yaani taifa moja lina galoni mbili, moja ya kunywa na moja ya kumimina gunia, na hakuna hata moja inayolingana na ya Mwingereza. Nilimweleza Mjomba yote hayo.

"Mpwa wangu," akanijibu, "msuluhishi akianza kusikiliza mashahidi wapya baada ya hukumu, kesi haitakwisha."

Tukaanza kuchota. Yeye alihesabu kwa sauti, na mimi nilichora mstari mmoja wa mkaa ukutani kwa kila gili, kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa galoni na ukuta wenyewe ulikuwa utapakwa chokaa hata hivyo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka gili ya 71, alipopita jirani mmoja ambaye kwa kawaida hupitia njia ya nyuma. Alisimama, akatazama mistari, akatutazama sisi, kisha kwa upole usio wa kawaida akaanza kumjulia Mjomba hali ya familia, mtoto mmoja baada ya mwingine, hadi akaulizia kitinda mimba ana umri gani sasa.

"Thelathini na tisa," Mjomba akajibu, akachota. "Arobaini."

Nilimwambia kwamba tuko sabini na mbili. Alinitazama kwa macho yale yaliyowahi kunyamazisha mabweni na kuniuliza kama katika maisha yangu nimewahi kumsikia akikosea kuhesabu. Mistari, alisema, huchorwa na mkono, na mkono hauna shule. Basi mdomo wake ulipofika 128, mistari yangu ilikuwa 160, na ziada ya gili 32 ilikuwa galoni moja kamili ya usuluhishi. Laiti angekosea kwa namba yenye vipande ningemlaumu, lakini mtu anayekosea kwa galoni nzima isiyo na desimali anastahili heshima ya aina fulani.

Chokaa hai ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, kwa hiyo ile kazi ya kuizima tuliifanya kwa glavu na kwa kusimama mbali, tukaifunika pipani, na haikutupa kisa cha kusimulia. Kisa kilikuwa kinapikwa jikoni. Mjomba alikuwa amemwandikia binamu yangu mdogo karatasi yenye maneno matano: "Galoni tano, maji ya moto." Sisi tulirudi kuinamia chumvi, tukibishana kama chumvi ya mawe ipimwe kwa mfuto kabla au baada ya kupondwa, na nyuma yetu tulisikia maji yakimiminwa, nyayo zikiondoka, nyayo zikirudi, maji yakimiminwa tena. Hakuna aliyegeuka. Mtu anayetetea mililita 130 dhidi ya mataifa mawili hana nafasi ya kutazama nyuma.

Mjomba alipogeuka, pipa la lita 200 lilikuwa limejaa hadi karibu na shingo. Kando yake alisimama binamu, jasho likimtiririka, akiwa ameshika galoni la tano, lile la plastiki la njano la lita 20, tupu, sawasawa na yale mengine manne yaliyopangwa ukutani.

"Galoni tano, baba," akasema. "Kuni zimekwisha."

Ninaomba msomaji aitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Galoni tano za Marekani ni lita 18.9. Galoni tano za Uingereza ni lita 22.7. Galoni tano za usuluhishi ni lita 20.8. Tulikuwa tumepoteza asubuhi na sehemu kubwa ya mchana tukigombania tofauti isiyofika lita nne, na wakati huohuo kijana aliyetii amri neno kwa neno alikuwa ameingiza lita 100.

Mkaza mjomba, ambaye sote tunamwita Mama, alitoka kuona kilichomaliza kuni zake. Alisomewa kanuni mara moja tu. Kisha akauliza kwa nini hatukuchukua ndoo moja, yoyote ile, tukatia nne za chokaa, mbili za chumvi na tano za maji, maana kila kitu kilichoandikwa pale kwa ujazo kinagawanyika kwa galoni, na ndoo haina haja ya kujua kama ilizaliwa Uingereza au Marekani. Kilichobaki, akasema, kilikuwa ni vile vitu vya ratili, na mizani ipo. Mjomba alianza kumweleza habari za galoni kavu na galoni ya mvinyo, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ile ya asubuhi.

Hata hivyo, hakukubali kumwaga. Kitabu kilisema mchanganyiko uachwe umefunikwa siku kadhaa, kisha upashwe moto na kupakwa, nasi tukafanya hivyo, kwa kuni za kuazima. Kilichotoka pipani kilikuwa na rangi ya maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa. Mjomba alitufariji kwa ukweli ambao ni ukweli kabisa, kwamba chokaa ikiwa mbichi huonyesha kilicho chini yake na huwa nyeupe inapokauka, basi tukapaka mkono wa kwanza tukiwa na imani, na wa pili tukiwa na subira. Ulipokauka, ukuta ulikuwa umepauka kama mgonjwa, na mistari yangu ya mkaa ilionekana vizuri kuliko nilipoichora, kwa kuwa sasa ilikuwa na mandhari. Mia moja na sitini upande wa kushoto, sitini na minne upande wa kulia, katika vifungu vya tano tano.

Na pipa lilikuwa halijapungua. Kitabu kinasema painti moja inatosha yadi moja ya mraba, na sisi tulikuwa na zaidi ya painti 280 hata ukizihesabu kwa painti kubwa ya Mwingereza. Tukapaka uzio. Tukapaka banda la mbuzi, ambao walikuja mara moja kulamba ile peki ya chumvi, wakakunja nyuso na kwenda zao. Tukapaka mashina ya miti, mawe ya njiani, na tofali moja ambalo halikuwa na kazi. Ukuta wa mbele Mjomba aliuacha ulivyo, akisema kwamba mkono wa tatu utapakwa akishapata chokaa ya kukoleza.

Kabla hajaipata, yule jirani alirudi, safari hii kwa mlango wa mbele. Ilikuwa imenitoka akilini kwamba kati yake na Mjomba lilikuwapo deni la siku nyingi. Yeye hakulisahau. Alikuwa ametusikia kwa masikio yake tukihesabu kwa sauti na kuchora, na tangu hapo kila alipopita alikuta hesabu ipo ukutani, haifutiki hata kwa chokaa, mbele ya macho ya kila mpita njia. Aliweka bahasha juu ya kiti, akasema kwamba huo ni mwanzo na mengine yanafuata, na kwamba yeye hana kinyongo, ila anamwomba mwalimu amtendee haki: mistari ya upande wa kushoto anaitambua, lakini ile sitini na minne ya upande wa kulia haijui kabisa.

Mjomba aliitazama bahasha, akautazama ukuta, akapiga hesabu kichwani kwa kutikisa midomo.

"Mpwa wangu," akasema, "chukua brashi umpunguzie jirani galoni mbili."