Dirisha la Dwejra

Kabla hamjaendelea kuisambaza video ya shemeji, na mimi nisikilizeni. Mnasema humo nalia pale Dwejra. Sikulia. Ule ulikuwa upepo.

Mama mdogo kaja kutoka Muscat, nami mwenyeji wa Malta wa miezi minane nikajipa cheo cha kutembeza wageni. Kivuko mpaka kisiwa cha Gozo, basi mpaka kijiji cha San Lawrenz, kisha tunateremka kwa miguu kwenda pwani ya Dwejra, na njia nzima natamba: Kimalta ni binamu wa Kiswahili kwa upande wa Kiarabu, bahari wanaiita baħar, dunia dinja, fulusi flus. (Mnaonijua mnajua, nikipata wasikilizaji sishikiki.) Na huko mbele, mama, kuna dirisha la jabali lililochongwa na bahari, hujapata kuona.

Tukafika. Nikapanda juu ya mwamba, nikaipa bahari mgongo, nikatanua mikono kama mwenye mali. "Hili hapa!"

Mama mdogo akainua simu. Akaishusha. Akaiinua tena. "Mwanangu, liko wapi?"

"Sogea kushoto, mama."

Akasogea, mfuko wa mikate ya ftira unaning'inia mkononi. "Naona maji."

"Kushoto kidogo tena." Na bado sijageuka, jamani! Shemeji, huku anarekodi, akauliza labda ni lile jabali kule. Nikamkatiza kisomi: hilo ni Fungus Rock, mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawala wa Malta wa zamani, walililinda kwa sababu ya mmea walioamini ni dawa. Hapo nilipatia. Andikeni.

Mzee mmoja wa boti alikuwa anatutazama. Akasogea, akasema taratibu, kama anayeleta habari za msiba: "It-tieqa? Fil-baħar. Elfejn u sbatax."

Binamu yangu Kimalta akaniumbua papo hapo. Limeingia baharini. Elfu mbili na kumi na saba. Mama mdogo na Kiarabu chake alishaelewa kabla yangu, nilimsikia tu akisema, "Innalillahi."

Nikageuka. Maji matupu. Lile tao liliporomoka kwenye dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Mimi nililiona kwenye kalenda ya jikoni kwangu, ambayo sikuwahi kuangalia ni ya mwaka gani.

Tukala ftira, tukarudi. Sasa kwenye kundi la ukoo naitwa Baba Dirisha. Jumamosi mama mdogo anataka nimpeleke Mdina, ule mji wa kale, ila kasema tupige simu kwanza tuulize kama bado upo.