Theluji Haina Neno, Tatizo Ni Simu Yangu

Kaka yangu alinipigia Jumapili usiku, wala hakuanza na salamu. "Dada, mtoto ananiuliza mkeka wa elfu moja unaweza kutoa ngapi. Kajifunzia wapi mambo ya mikeka ya kubeti?"

Mtoto mwenyewe ana miaka minane na alikuwa ametoka kwangu, wiki nzima ya likizo. Kila jioni wimbo ulikuwa mmoja: shangazi, niazime simu. Nikampakulia gemu moja ya bure. Kijana amesimama juu ya ubao, anateremka mlima wenye theluji, anaruka makorongo na kupiga samasoti hewani. Play Store ilikuwa imeandika 3+. Nikajisemea, kama wa miaka mitatu anaruhusiwa, huyu wa minane ana neno gani?

Kumbe ile namba nilikuwa naisoma vibaya. Tangu 2015 Google Play inatumia mfumo wa kupanga umri wa gemu uitwao IARC, ambao watengenezaji wenyewe hujaza dodoso: kuna damu? kuna uchi? kuna matusi? kuna kamari? Kwa majibu hayohayo, Ulaya wanapata alama ya umri ya chombo chao, PEGI, Marekani ya chombo chao, ESRB, na nchi zisizo na chombo kilichojiunga zinapewa ile ya jumla. Kwa hiyo 3+ haina maana kwamba gemu imetengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu, ambaye ukimpa atabonyezabonyeza tu mpaka kijana ajibamize kwenye jiwe. Maana yake ni kwamba ndani hamkuonekana cha kumdhuru.

Na ndani kweli hamna. Kijana akigonga mwamba anaanguka kifudifudi, theluji inatimka, basi. Swali la hofu niliulizwa moja tu: "Shangazi, theluji inaumaga?" Nikamjibu sijui, ninayoijua ni ya kileleni Kilimanjaro, nayo nimeiona nikiwa dirishani kwenye basi. Hata zile gemu za zamani za theluji zenye vurugu kidogo, kama SSX Tricky ya mwaka 2001 ambayo ukimwangusha mpinzani unaongezewa nguvu ya mwendo, ni vurugu za katuni. Aliyeanguka anainuka, mbio zinaendelea. Kwenye banda la gemu mtaani kwetu watoto wa rika hilohilo wanacheza GTA V, gemu ya ujambazi na bunduki ambayo PEGI waliipa 18, na sijasikia mzazi kampigia mtu simu usiku.

Mkeka uliingilia mlango mwingine. Katika ile gemu ya theluji niliyompakulia, ukianguka unaulizwa: utaanza upya kutoka juu, au utatazama tangazo uinuke hapohapo? Mtoto gani atachagua kuanza upya? Mpwa wangu alianguka mara nyingi mno, na matangazo aliyoletewa mengi yalikuwa ya kubeti. Simu ni yangu, akaunti ni yangu, mwaka wa kuzaliwa uliomo humo ni wangu. Kwa hesabu za wenye matangazo, aliyekuwa akiteleza mlimani ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, na mtu mzima kuonyeshwa mkeka si ajabu.

Nilimwambia kaka hivi: mchezo unafaa, simu ndiyo haikufaa. Sitamkataza mtoto theluji kwa kosa la mjumbe. Ile gemu nimeifuta. Sasa akija nazima data kabla sijampa simu, na nimemwekea Alto's Adventure, ya kijana mchunga llama, wale wanyama wa Amerika Kusini walio kama ngamia wadogo wasio na nundu. Ina sehemu iitwayo Zen Mode isiyo na alama wala sarafu. Ukianguka unainuka na kuendelea, hakuna anayekuuliza kitu. Usiku unaingia mlimani, mvua inanyesha, muziki unapiga taratibu. Mimi mwenyewe nimeicheza nikisubiri maharage yaive, yakaungua.

Mpwa wangu yeye hajaridhika. Jumamosi alinirudishia simu baada ya dakika kumi. "Shangazi, hii nzuri, lakini hakuna kushinda." Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti: "Ile nyingine haiwezi kurudi? Nitafumba macho wakati wa matangazo."