Dinari Iliyokosewa Ina Mengi ya Kusema

Wanaokusanya sarafu za kale wengi wao wanataka dinari, ile sarafu ya fedha ya Roma ya kale, iliyonyooka: uso wa kaisari umekaa katikati na herufi zote zinasomeka. Mimi napenda zaidi ile iliyokosewa, kwa sababu humo ndimo ninapomwona mfanyakazi.

Sarafu za Roma ziligongwa kwa mkono. Muhuri mmoja, kwa kawaida wa upande wa kichwa, ulikazwa kwenye fuawe. Kipande cha fedha kiliwekwa juu yake, mtu akashikilia muhuri wa pili, nyundo ikashuka. Mara nyingine sarafu iliyokwisha kugongwa ilinasa kwenye muhuri wa juu bila mtu kutambua, na kipande kilichofuata kikapigwa na sarafu hiyo. Ukiishika leo, upande mmoja utaona kichwa kimeinuka. Ukiigeuza, kichwa kilekile kimedidimia, kinatazama upande mwingine, na maandishi yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Dinari za namna hii zimebaki nyingi tu kutoka enzi za Jamhuri ya Roma, kabla ya makaisari. Kwangu huo ni ushahidi wa kasi ya kazi, na nadhani msimamizi aliyeziona aliziachia kwa kuwa uzito wa fedha, gramu nne kasoro kidogo, ulikuwa palepale.

Karne ya 3 mambo yalizidi. Mwaka 260 Kaisari Valerian alitekwa na Waajemi, na mwanawe Gallienus akabaki na vita kila upande na askari waliosubiri mishahara yao. Sarafu za miaka hiyo karibu zote ni shaba yenye fedha kiduchu, zimegongwa kombo, nyingine herufi zimeruka. Baadaye kidogo, chini ya Kaisari Aurelian, wagonga sarafu wa Roma waliasi wakiongozwa na Felicissimus, ofisa wa hazina. Mwanahistoria Mroma Aurelius Victor aliandika kwamba askari 7,000 walikufa katika kuwazima. Hao wagonga sarafu ndio watu ambao tunaziita kazi zao mbovu!

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaochonga upya sarafu za kale ili zipendeze. Wanafuta alama ya nyundo ambayo hairudi tena. Na mnunuzi awe macho: kosa likilipa, walaghai hulitengeneza, kwa hiyo adai picha za pande zote mbili, picha ya ukingo, na uzito kwa gramu kabla ya kutoa pesa yake.