Simu ya jirani darasani

Mjadala wa simu janja na vishikwambi shuleni umegeuka ligi ya timu mbili. Anayetaka vifaa vizuiwe huitwa mshamba, mtu wa chaki aliyeachwa na wakati. Anayetaka viruhusiwe ndiye huonekana kujali kesho ya watoto. Kwangu, huyo wa kwanza hajasikilizwa vizuri, pengine kwa kuwa watetezi wake hupenda kufoka kuliko kueleza.

Wa pili naye ana haki yake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walibaki nyumbani, na kwa baadhi yao darasa lilikuwa simu ya mzazi. Mwanafunzi asiyeona, ambaye simu ndiyo humsomea maandishi, huwezi kumwambia aiache getini. Hata PISA ya 2022, upimaji wa OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, kwa wanafunzi wa miaka 15, inawabeba wanaotaka vifaa: waliotumia vifaa kujifunzia shuleni kwa muda usiozidi saa moja kwa siku waliwapita kwa alama 14 za hisabati wale wasiovitumia kabisa.

Ila ripoti hiyohiyo ina namba nyingine isiyonitoka kichwani. Kwa wastani wa nchi za OECD, asilimia 65 ya wanafunzi walisema vifaa vya kidijitali huwaondoa kwenye somo katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati. Hilo tulilitarajia. Kisha asilimia 59 wakasema kinachowaondoa ni vifaa vya wenzao, na hao walipata alama 15 pungufu ya wale wasiopatwa na jambo hilo, au wanaopatwa nalo kwa nadra, hata baada ya hali ya kipato cha familia kuzingatiwa.

Vya wenzao! Mtazame binti wa dawati la pili. Daftari liko wazi, ananakili mlinganyo ubaoni, simu yake hata hakuja nayo. Dawati la mbele kioo kinawaka, kidole kinasukuma video, mtu anabana kicheko. Jicho linakwenda lenyewe. Akirudi ubaoni, x imeshavuka upande wa pili na hajui imepitaje. Hajavunja kanuni yoyote. Tukisema watoto wafundishwe kujidhibiti, yeye amejidhibiti tayari, na bado hasara ni yake. Tunaviita vifaa binafsi, lakini darasani hakuna kilicho binafsi kwenye kioo kinachowaka.

Najua, namba mbili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja imeizaa nyingine. Huenda darasa lenye simu nyingi ndilo lenye vurugu tangu awali. Sawa, lakini kisu hicho kinazikata na zile alama 14.

Marufuku nayo husomwa vibaya. Sheria ya Ufaransa ya 2018 iliyozuia simu hadi ngazi ya collège, yaani sekondari ya chini, iliacha mlango wazi kwa matumizi ya kufundishia na kwa wanafunzi wenye ulemavu. Kinachozuiwa ni simu ya mfukoni. Kompyuta za shule, zinazowashwa kwa somo na kuzimwa likiisha, hazijaguswa. Tena utaratibu wa kila mtu kuja na kifaa chake huingiza mfuko wa mzazi darasani: mmoja ana kishikwambi kipya, mwingine simu yenye ufa iliyojaa hadi inakataa programu ya somo, wa tatu anaambiwa "chungulia kwa mwenzako". Jioni kazi ya mtandaoni inamkuta nyumbani bila bando. Mwaka 2020, UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walikadiria kuwa theluthi mbili ya watoto na vijana duniani wa miaka 3 hadi 17, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani.

Penye udhaifu wa hoja hii ni utekelezaji. PISA hiyohiyo inaonyesha kuwa hata katika shule zenye marufuku, asilimia 29 ya wanafunzi walikiri kutumia simu mara kadhaa kwa siku. Simu iliyozimwa mfukoni huwashwa chooni. Ikikusanywa asubuhi na kurudishwa jioni, lazima awepo mtu wa kuhesabu, kabati lenye kufuli, na jibu kwa mzazi aliyepiga saa tano bila kupokelewa. Tena mkusanyaji huyo awe ameizima ya kwake, isije ikaita katikati ya kipindi.