Kalamu, Ukuta na Elektroni: Lamu Ina Haja Gani na Fizikia ya Nadharia?

Mwezi wa Shaaban uliopita ukoo wetu ulikutana kwenye daka la nyumba ya bibi, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, kuzungumza habari ya mpwa wangu. Amemaliza digrii ya kwanza ya fizikia na amepata nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamili. Anachotaka kusoma ni nadharia ya maada: vipi elektroni hupenya kizuizi ambacho kwa hesabu za kawaida hakipenyeki, vipi joto husafiri ndani ya kitu kigumu, na sumaku inatokana na nini hasa. Maabara hana haja nayo. Kazi yenyewe ni kalamu, karatasi na kompyuta. Karo na masurufu ya mwaka wa kwanza yalikuwa yatoke kwetu, kila nyumba na uwezo wake.

Ami yake mkubwa, fundi wa mashine za boti tangu ujana, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia, "Ndia hiyo ni ndefu mno, mwanangu. Bandari iko hapa mbele ya mato yetu. Kasome uhandisi, utafika mapema."

Watu wakanyamaza, wakanitazama mimi, maana mimi ndiye mwalimu wa fizikia. Siku ile nilijibu kwa haraka na majibu yangu hayakuniridhisha. Tangu hapo nimekuwa nikilipima suala hili, na naandika nilivyoliona.

Ami si mtu asiyethamini elimu. Hoja yake ina uzito, na historia ya pwani yetu wenyewe inaibeba. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, ndiyo maana chombo kikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kubwa: ilisaidia kuonyesha kwamba kuna shimo jeusi katika kundi la nyota la Cygnus, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, mvuvi wa Ngomeni aliuona moto ukipanda. Elimu iliyozaliwa pale ikajenga vyuo vya mbali. Mtu aliyeyashuhudia hayo akiuliza sayansi hii ya juu inamvusha nani, hakukosea kuuliza.

Uzito wa pili uko ndani ya fizikia yenyewe. Nadharia hupotea njia. Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua aina ya kauri zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote katika kiwango cha joto ambacho wengi hawakukitarajia. Ni takriban miaka arubaini sasa, na wananadharia bado hawajakubaliana kwa nini. Tena Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba wamepata kitu, LK-99, kinachofanya hivyo katika joto la chumba. Ndani ya siku chache hesabu za kompyuta zilisambaa zikionyesha jinsi jambo hilo lingewezekana. Mwezi uliofuata maabara mbalimbali zikapima: kitu chenyewe ni kihami, yaani hakipitishi umeme, na miujiza ilikuwa ikitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba. Hesabu zile hazikuwa na makosa ya kujumlisha. Zilijibu swali kuhusu fuwele iliyochorwa kwenye skrini, na unga uliokuwa kwenye kisahani ulikuwa kitu kingine. Mpwa wangu akiingia kazi hii bila mtu wa kumpimia, hatari ni hiyo hasa: kuishi miaka mingi ndani ya mchoro.

Upande wa pili nauanzia mtaa wa Langoni, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu. Wiki chache baada ya kikao nilimpelekea simu iliyozimika. Aliifungua, akaiweka chini ya lenzi, akapuliza hewa ya moto mpaka kipande cheusi kidogo kuliko ukucha kikaachia. "Memori imechoka, mwalimu," akasema. "Inasoma, lakini haiandiki."

Imechoka vipi, na haina kitu kinachozunguka wala kusuguana? Ndani ya kipande kile mna vyumba vidogo mno vya kufungia elektroni, na kuta zake ni kihami chenye unene wa nanomita chache tu. Unapohifadhi picha, umeme huzisukuma elektroni na zikaupenya ukuta pasipo tundu wala mlango. Kila zinapopita huudhuru kidogo, na siku moja ukuta unaanza kuvuja. Kule kuchoka ndiko huko.

Hakuna fundi aliyekaa akabahatisha jambo hili. Mwaka 1927 Friedrich Hund, akifanya hesabu za molekuli, aliona kwamba, kwa kuwa elektroni ina tabia ya wimbi, wimbi hilo halikatiki ghafla linapofika ukutani. Mkia wake unaingia ndani ukififia, na ukuta ukiwa mwembamba, mabaki ya mkia hutokea upande wa pili. Mwaka uliofuata George Gamow alitumia wazo hilohilo kueleza jinsi atomi nzito zinavyotoa mnururisho, na Ralph Fowler na Lothar Nordheim wakapiga hesabu ya elektroni zinazochomoka kwenye metali chini ya nguvu ya umeme. Hesabu hiyo ya 1928 ndiyo wahandisi wa memori wanayoitumia hadi leo.

Ami angeniuliza: kwa muda gani? Na lazima nimjibu kwa haki. Kifaa cha kwanza cha umeme kilichojengwa makusudi juu ya kupenya huko, diodi ya Leo Esaki, kilitoka 1957. Miaka thelathini. Harambee ya ukoo haiwezi kungoja miaka thelathini.

Lakini kuna kisa ambacho ningependa kila kijana wa pwani akijue. Mwaka 1962 mwanafunzi wa Cambridge aliyeitwa Brian Josephson, umri wake miaka 22, alionyesha kwa hesabu tu kwamba kati ya vipande viwili vya metali isiyo na ukinzani, vilivyotenganishwa na kihami chembamba, mkondo wa umeme utapita bila msukumo wowote. John Bardeen, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel, alimpinga hadharani. Mwaka 1963 Philip Anderson na John Rowell wakapima, ikawa kijana ndiye aliyesema kweli. Naye akapata Nobel yake mwaka 1973. Mwaka 2025 tuzo hiyo ikaenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, walioonyesha katika miaka ya themanini kwamba saketi nzima iliyojengwa juu ya kiungo hicho cha Josephson inaweza yenyewe kupenya kizuizi, kana kwamba ni chembe moja.

Kisa hiki kinanipa moyo na kinanionya pia. Kalamu ya kijana ilimshinda mkubwa wake, kweli. Ila aliyewaamua hakuwa kalamu ya tatu. Alikuwa mtu mwenye kifaa cha kupimia. Na sumaku zina kisa cha namna hiyo: mwaka 2001 makundi mawili ya wananadharia yalikokotoa kwamba ukiweka tabaka jembamba la oksaidi ya magnesiamu kati ya tabaka mbili za chuma, wingi wa elektroni zinazopenya utabadilika mno kwa kugeuza tu mwelekeo wa sumaku ya upande mmoja. Mwaka 2004 maabara za Marekani na Japani zikapima mabadiliko ya karibu asilimia 200 katika joto la chumba. Miaka michache baadaye teknolojia hiyo ilikuwa inasoma diski za kompyuta. Wenye maabara na viwanda ndio waliouza.

Kuhusu sumaku nitaongeza neno moja tu, kwa ajili ya manahodha. Niels Bohr mwaka 1911, na Hendrika van Leeuwen baada yake, walithibitisha kwamba kwa sheria za fizikia ya zamani peke yake hakuna kitu kinachoweza kuwa sumaku. Majibu ni sifuri. Maana yake, sindano ya dira iliyowaongoza babu zetu wakirudi na kusi ni jambo la kwanta, yaani la fizikia hii mpya ya elektroni zenye tabia ya wimbi, tangu mwanzo.

Sasa gharama. Hapa nadhani ami anakosea, kwa sababu anakadiria sayansi kwa bei ya roketi. Maabara ya kupima vitu hivi inataka mamilioni ya shilingi kabla hujawasha taa. Mwananadharia anaanza na laptopu. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayotumiwa na watafiti wa maada duniani kote, hupakuliwa bure. Huko Trieste, Italia, kuna kituo alichokianzisha Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zetu, na tawi lake la Afrika Mashariki liko Kigali. Shule ya Kiafrika ya kufundisha hesabu hizi ilianza Cape Town mwaka 2010, na mwaka 2012 ilifanyika Eldoret, hapa Kenya. Kwa kijana wa kisiwani, milango yenye bei hii ni michache mno.

Kwa hiyo nilimuunga mkono, ila nilimwekea sharti: kati ya mambo yake matatu, aanze na joto. Kupenya na usumaku vinahitaji vipimo vya watu wengine. Joto tunaweza kulipima hapahapa, na tuna ukuta.

Mfaransa Joseph Fourier alichapisha nadharia yake ya joto mwaka 1822. Jua linapopiga ukuta kila siku, joto huingia kama wimbi, na wimbi hilo hufifia kwa kadiri linavyozama. Mpwa wangu alinichorea mlinganyo huo karibu na ule wa elektroni, nikaona ninachokifundisha miaka yote bila kukitazama vizuri: ni ndugu. Katika yote mawili, kila unene unaoongeza unapunguza kilichobaki kwa sehemu ileile. Kwa jiwe la chokaa la kawaida, wimbi la joto la mchana hushuka hadi kama theluthi moja kila sentimita 17. Ukuta wa nusu mita, kama wa bibi, wa mawe ya matumbawe na chokaa, ungeruhusu kama sehemu moja ya ishirini tu, na kilele cha joto la saa saba mchana kingefika ndani kama saa sita na nusu usiku. Ukuta wa sentimita 15, unene wa matofali ya saruji tunayojengea sasa, unaruhusu kama sehemu mbili za tano, na kilele chake kinaingia saa kumi na kitu alasiri, watu wamo ndani.

Ami alipoelezwa akasema, na ni kweli, kwamba waashi wa Lamu walijua hayo kabla ya Mfaransa huyo kuzaliwa. Waliujua ukuta huu. Ila hesabu inaweza kukwambia habari za ukuta ambao bado hujaujenga, na kisiwa hiki kinajenga kila mwezi kuta ambazo mwashi wa kale hakuziona.

Jibu la mpwa wangu kwake likawa kuleta vipimajoto viwili na utepe wa gundi. Wakabandika kimoja nje, kimoja ndani chini ya zidaka, wakagawana zamu za kusoma kila saa: yeye na ami yake, na daftari moja. Usiku wa tatu kilele cha ndani kilifika saa nne. Hesabu ilisema saa sita na nusu. Ami anashuku unyevu wa chumvi ulio ndani ya jiwe. Mpwa wangu anashuku dari na boriti zake, ambazo hakuziingiza kwenye hesabu. Juzi nilipopita walikuwa bado wanabishana, na kulikuwa na kipimajoto cha tatu kimefungwa kwenye boriti.