Donge Lililoganda kwenye Sumaku

Darasa zima lilishaandika hitimisho kabla jaribio halijaanza: mchanganyiko wa chuma na salfa huvutwa na sumaku, kampaundi yake, yaani vikishaungana kuwa kitu kimoja kipya, haivutwi. Kazi yangu mimi maabara ni kupima, kuosha na kuzima moto, na hitimisho likitangulia jaribio, hiyo ya tatu huja mapema.

Vipimo vilikuwa ubaoni: gramu 7 za unga wa chuma, gramu 4 za salfa. Si namba za kubahatisha. Atomu moja ya chuma huungana na moja ya salfa, na uzito wao ni 56 kwa 32. Gawanya kwa 8 upate 7 kwa 4. Kundi la dirishani likaona chuma ni kidogo. Mpimaji wao, kijana mkarimu kupita kiasi, akaongeza kijiko kimoja "cha kushibisha".

Hatua ya kwanza ikawapa moyo. Unga ulikuwa wa kijivu-manjano, lakini ukiinamia karibu unaona chembe za chuma na chembe za salfa kila moja iko kivyake. Sumaku inatakiwa ivishwe mfuko mwembamba wa plastiki. Ukimaliza unauvua, chuma kinadondoka. Wao wakaitumbukiza tupu. Ikatoka na ndevu. Wakaifuta kwa kitambaa, ndevu zikahamia upande wa pili. Nikawapa selotepu wanyoe taratibu.

Ikaja zamu ya moto. Neli unaijaza robo tu, mdomoni unaziba kwa sufi ya madini, maana mvuke wa salfa ukitoka utawaka na kutoa salfa dioksidi, na hapo darasa zima litakohoa. Unapasha kitako cha neli mpaka kidoa chekundu kitokee, kisha unaondoa kichomeo. Wekundu unapanda wenyewe, kwa sababu muungano huo hutoa joto lake. Kundi la dirishani walipoona moto unatembea bila kichomeo, wote waliruka nyuma isipokuwa aliyeshika koleo, naye alibaki kwa kukosa pa kuiweka.

Neli ilipopoa tukaivunja (usihangaike kuiosha, hiyo imeshakwenda), likatoka donge la kijivu iliyokoza. Msemaji wao akasimama kifua mbele.

"Mwalimu, sasa haivutwi."

Akasogeza sumaku. Donge likaruka, paa! Likaganda.

"Mwalimu, sayansi imebadilika?"

Haikubadilika hata kidogo. Gramu 4 za salfa zilishachukua gramu zao 7 za chuma, basi. Kijiko cha kushibisha kikakosa mwenza, kikafungiwa humo ndani kikiwa chuma kilekile cha kuvutwa. Mchanganyiko ungekubali hata vijiko kumi, kampaundi ina kipimo chake. Ndiyo maana mimi hupenda salfa ndiyo izidi kidogo.

Mwalimu akasema tindikali ndiyo itakayoamua. Tindikali hafifu ya haidrokloriki ikidondoshwa kwenye mchanganyiko, hutoka haidrojeni, gesi isiyo na harufu. Kampaundi hutoa haidrojeni salfaidi, na hiyo ni yai viza lenyewe. Ni sumu, tena ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo ni matone mawili tu, ndani ya kabati la kutolea gesi. Kundi la dirishani waliona kabati liko mbali.

Harufu ikaanza safari kuelekea nyuma, alikolala kijana mmoja kichwa juu ya daftari. Wenzake wakamgeukia wote kwa pamoja. Akazinduka.

"Wallahi si mimi!"

Tukafungua madirisha, tukawatoa nje. Huko nako bado aliendelea kujitetea, na aliyedondosha tindikali akimbembeleza: "Kaka, kiri tu yaishe."

Kwenye ripoti, chini ya "Tofauti", yule msinziaji aliandika: "Mchanganyiko hutoa gesi isiyo na harufu, kampaundi humsingizia mtu." Mwalimu akampa nusu alama.