Eti mji wetu wa bei poa

Miguu inaniuma, mfuko mtupu, na samaki changu n'liotumwa sikurudi nao. Kama unaishi Unguja na una jamaa wa bara basi huna haja ya kuelezwa, ushajua.

Mume wa mdogo wangu kaja juzi toka Dodoma, kavuka na boti. Kofia ya ukili pana kama ungo, kaptula, miwani ya jua hata ndani. Kaptula, shemeji mzima! Jana baada ya Isha kafungua simu, ananisomea, eti shemeji, humu wameandika mjini kwenu bei nafuu sana, mtu anakula, analala na anatembea kwa dola hamsini tu kwa siku. Tu! Mie kwa dola hamsini kwa siku ningekuwa nishaoa wa pili na huyo wa kwanza asiseme kitu. Nikakaza kikoi changu nikamwambia kwa heshima, shemeji, mie n'mezaliwa Mwembetanga, mji huu naujua gizani, kesho ntakutembeza na hata senti tano haitoki. Mama watoto alikuwa jikoni, nikamsikia anacheka peke yake.

Asubuhi mama watoto kanipa elfu kumi na tano, mkirudi mpitie Malindi mniletee changu. Tukapanda daladala ya 505, shemeji magoti yamefika kidevuni, jua kali, akatoa kofia yake ya pili akanivisha. Nikamwachia, mgeni hakataliwi. Hapo ndo n'lipokosea.

Malindi kapiga picha za changu, pweza, papa, mpaka muuzaji mmoja akamuuliza wewe wanunua au wawaoza. Samaki tutachukua wakati wa kurudi, nikasema, wasije wakaharibika. Tukaingia Mji Mkongwe. Pana baraza moja pale nlikuwa najinyosha mchana toka ujana wangu, lakini toka UNESCO waufanye mji wote urithi wa dunia mwaka 2000, nikilala napigwa picha.

Hatujafika mbali katokea papasi, hawa vijana wanaowinda wageni wawatembeze.

"Jambo jambo! Karibuni Zanzibar! Ciao!"

Nikageuka nyuma nikidhani kuna Wataliani wanakuja. Hamna mtu. Ni mie.

"Assalaam alaykum mwanangu," nikamwambia, sauti nimeituliza, ya mtu mzima, "mie wa hapahapa."

Kijana kaachia mdomo wazi. "Ala! Unajua Kiswahili! Kizuri kabisa! Umejifunza wapi?"

"Kwa mamaangu."

"Mamaako anakaa wapi, Kenya?"

Yarabi. Nikamweleza n'mezaliwa Mwembetanga, chuo n'mesoma Kikwajuni, pale Maisara nacheza mpira yeye hata babaake bado hajapata mchumba. Kanisikiliza mpaka mwisho, kichwa anatikisa kwa huruma hivi, kisha kanishika bega. "Haya mzee, kwa vile lugha unaijua, ntakupa bei ya mwenyeji."

Bei ya mwenyeji! Mie! Kumbe kofia bado ninayo kichwani. Na shemeji badala ya kunisaidia ananinong'oneza, bei ya mwenyeji si mbaya shemeji, humu kwenye simu wanasema ukipata ya mwenyeji uichukue.

Nikasema hatutaki, njia naijua. Nikatangulia kwa hatua za kishekhe, kushoto, kulia, kushoto tena, na Mungu ndo shahidi yangu, uchochoro ule zamani ukitutoa Kiponda. Leo umetutoa kwenye duka la vinyago. Nikageuza, nikapita kwa nyuma, tukatokea dukani kwa vinyago. Nikasoma bismillahi, nikafuata harufu ya mkate wa kumimina nikijua lazima itakuwa nyumba ya watu, nikaifuata mpaka mwisho, ilikuwa hoteli, na mbele ya hoteli vinyago vilevile. Papasi kakaa barazani anatafuna njugu. "Twende sasa mzee?"

Hapo nlipandwa kweli. Maana si kupotea, mtu yeyote hupotea. Nlikuwa nakata kona kwa fundi cherehani, fundi hayupo, pana kahawa ya barafu. Bibi aliyekuwa akikaanga bajia mlangoni hayupo, mlango una kamera. Nikatafuta mtu wa kumuuliza njia, kila nnayemsogelea ana ramani mkononi, mmoja akaniuliza mie. Mji wangu, na humo ndani sina hata mtu wa kumpigia hodi!

Basi tukamfuata mtoto yule. Akatuonyesha nyumba alozaliwa Freddie Mercury, yule mwimbaji. Mbele kidogo kwa heshima ile ile akatuonyesha nyingine. Mtu kazaliwa mara moja tu, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, sijui mamaake aliwezaje kwenda kwenye nyumba mbili siku moja. Tulipofika Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, akaanza kunisomesha, kwamba Sultan Barghash kalijenga 1883, na ndo lilokuwa na lifti ya mwanzo Afrika Mashariki. Shemeji kusikia lifti kauliza tunapandia wapi. Shemeji, upande mzima ulianguka Disemba 2020, pale hata kuegemea usiegemee!

Forodhani papasi kanyoosha mkono. Elfu kumi, ya mwenyeji. Nlitaka kumuuliza weye mtoto wa nani, nikajizuia, maana akinijibu ntakuta mjukuu wa jirani, nikaona haya, na pesa nitoe palepale. Nikatoa. Ya samaki.

Ilobaki ikaishia kwenye mishkaki na juisi ya miwa, pale wanakupakulia kwanza bei baadae. Cha bure tulichopata ni kutazama vijana wanavyojitosa baharini toka ukutani, na shemeji alishaanza kuvua kofia nikamkamata. Kisha akataka Changuu akawaone makobe. Kiangalie kisiwa hicho hapo shemeji, kionekane vizuri, bure. Hao makobe wenyewe walikuja toka Shelisheli 1919 wakiwa zawadi, nauli hawakulipa, lakini mie boti nlipe? Jaws Corner tukanywa kahawa ya sarafu, shemeji kakuta ile simu iliyotundikwa pale ya mzaha, kaiweka sikioni anaita Dodoma, halo, halo, wazee wakaacha dhumna wanamtazama.

Tumerudi Magharibi. Mama watoto kauliza changu wako wapi, na kabla sijafungua mdomo shemeji kamwonyesha kwenye simu. Picha nzuri, sikatai, hata magamba yanahesabika. Tumekula wali na kachumbari.

Sasa hivi ananambia kesho anataka Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo, kasoma ni rahisi. Nyuma ya jiko langu pana mchaichai, pana mdalasini, mkarafuu umekufa lakini shina lipo. Nende Kizimbani nikalipe nioneshwe mchaichai? Na huyo paka kaingia tena jikoni, toka! Samaki hamna!